Salamu Kabla ya Ugonjwa

Kazi ya ukalimani inachosha kuliko kulima. Jembe ukishalitua limenyamaza; maneno ya watu unalala nayo.

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, katika hospitali moja mjini Iringa. Kwa kuwa nilisoma misheni, nikafanywa mkalimani wa daktari Mzungu. Misheni tulifundishwa Kiingereza cha kuvaa tai: mgonjwa hata akiwa mahututi, unasema "She is not very well, sir", yaani hajisikii vizuri sana. Kile walichookota madereva wa malori ya Mbeya huko magereji, mwalimu alikiita cha kihuni, na ukikitamka unachezea fimbo.

Kila asubuhi daktari alipita vitandani akiuliza, "All right, mama?" Nami natafsiri: hujambo, mama? Sasa kwetu salamu haijibiwi kwa ugonjwa. Hata kama unakata roho, kwanza u mzima, unauliza za kwake, za watoto, za mvua. Ndipo polepole unafika kwenye tumbo. Wakati huo daktari yuko kitanda cha tatu, na mimi nakimbia kumrudisha. Nilichoka, jamani.

Siku moja kitandani alilala mama yangu mzazi. Tumbo limekaza kama ngoma, midomo imekauka. "Kamwene," akamwamkia daktari kwa Kihehe, akatabasamu. Akasema yeye hajambo, sijui wa nyumbani kwa daktari? Nikatafsiri, ningefanyaje. Daktari akaitikia kwa kichwa, akapita.

"She is not very well, sir," nikamwambia.

Akajibu bila kugeuka kwamba humo hakuna aliye mzima sana, ndiyo maana wamelazwa.

Hofu ikanishika, na hasira juu yake. Mama yangu anakufa kwa adabu, yake na yangu. Nikapaza sauti kwa Kiingereza cha gereji, kwamba yuko vibaya, vibaya kabisa: "Doctor, she's bad. Real bad."

Daktari akarudi, akamwekea mkono tumboni, uso ukambadilika. Kabla ya saa sita mama alikuwa chumba cha upasuaji.

Alipozinduka alinikuta nimekaa sakafuni kando ya kitanda.

"Umenitia aibu," akasema. "Hata salamu tulikuwa hatujamaliza."