Maji ya Nyumba Yenye Msiba

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu. Jana yake tulikuwa tumemzika baba, na maharage ya mama yalikuwa yameanza kujikunja kwa kiu.

Enzi zile, hapa Chome, tulikuwa na ndiva yetu, bwawa la udongo lililojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Pembe ikilia, watu walitoka kwenda msaragambo kuzoa tope kwa pamoja, na aliyezoa alipata zamu ya maji. Ila nyumba yenye msiba haikuitwa kazini, na zamu yake haikuguswa. Wala hatukuuita huo ukarimu. Ndivyo watu walivyoishi, basi.

Halafu ikaja kampuni ya tangawizi. Ikatugawia mbegu, ikaisakafia ndiva kwa saruji, ikaweka lango la chuma na kufuli. Tulipiga vigelegele, usije ukadhani tulilazimishwa. Kanuni ikawa moja: asiyeonekana shambani kwa kampuni hapati maji.

Basi asubuhi ile nilimsindikiza mama kwenye ndiva. Tukamkuta Yohana, kijana wa jirani, ambaye kampuni ilimkabidhi ufunguo.

“Shikamoo mama. Pole. Ila juzi na jana hamkuonekana kazini.”

“Marahaba baba. Si unajua tulikuwa na maiti ndani?”

“Najua, mama. Lakini utaratibu ni utaratibu. Kampuni haijui matanga.”

Mzee Elinihaki, aliyekuwa mtunza ndiva kabla ya hilo kufuli, alikuwa amekaa ukingoni. Hakupaza sauti.

“Kampuni haijui, sawa. Na wewe je, Yohana? Si wewe uliyebeba jeneza jana?”

Yohana akainama. Nikadhani atafungua. Hakufungua. Mkewe alikuwa mjamzito na kazi ile ndiyo iliyowalisha. Leo namwelewa, lakini siku ile nilimchukia.

Maharage yakakauka. Mama hakuyalilia. Alimlilia Yohana, mtoto ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumnyonyesha wakati mama mzazi wa kijana huyo alipokuwa mgonjwa.

Baadaye kampuni ikapata tangawizi rahisi kwingine, ikaondoka bila hata kuaga. Saruji ikapasuka. Mzee Elinihaki akapiga pembe, wakaja wachache, na hao wachache wakauliza nani atawalipa. Alizoa tope peke yake mpaka nguvu zikamwishia. Leo pale pameota majani, wanalisha mbuzi. Nikipita hapo moyo unaniuma, mwanangu, nisikufiche. Bwawa linachimbika tena. Ile hali ya kuitana na kuitikiana sijui inachimbwa wapi.

Sasa naambiwa wageni wengine wamewaita ninyi vijana mjini Same mkasaini mkataba, nanyi mnasema dunia ya leo ndiyo hiyo, hakuna njia nyingine. Jamani! Njia nyingine mimi nimeiishi, nimelelewa kwa maji yake. Haikuwa pepo. Wazee walikuwa wakali, na sisi wanawake tulizoa tope bila kuulizwa neno. Kwa hiyo msiirudishe kama ilivyokuwa. Tengenezeni ya kwenu. Undeni ushirika, mnunue mashine yenu ya kusaga tangawizi, kanuni mzitunge wenyewe, na wasichana wakiwamo kikaoni. Mzigo muuzieni yeyote mnayeelewana naye. Lakini maji na ardhi, na uamuzi wa nani asaidiwe akianguka, visitoke mikononi mwenu. Watakapokupa kalamu, waulize kwanza: siku nikifiwa, nani hapa ataruhusiwa kunihurumia? Wakikosa jibu, rudisha kalamu yao uje nyumbani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe mvua, akupe na watu wa kufurahi nao ikinyesha. Na mikono yako asipatikane wa kuikataza kutenda wema.