Vijikaratasi Kumi na Viwili

Jina la Mama Sindano alipewa na askari wa getini, na likamganda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kazi yake ilikuwa kuchoma wadudu sindano. Si kuwatibu, maana walimfikia wakiwa wamekwisha kufa zamani. Aliwatoboa katikati ya kifua, akawatandaza mabawa juu ya kibao, na chini ya kila mmoja akachomeka lebo ndogo kama ukucha: amekamatwa wapi, lini, na nani. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye chumba kile cha nyuma cha jumba la makumbusho, kati ya makabati ya chuma yanayonuka vidonge vya kuzuia nondo, akiandika kwa mwandiko ambao hata hadubini haikuudharau.

Mkubwa wake alikuwa daktari. Mtaani jambo hilo lilimletea Mama Sindano taabu, kwa sababu kila aliposema "daktari wetu," majirani walimletea magoti yao na kuku wao waliozubaa. "Ni daktari wa wadudu, jamani," aliwaambia. "Labda goti lako liote mabawa." Daktari huyo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwepesi wa kucheka, aliyemheshimu Mama Sindano kama mama aliyemzaa.

Asubuhi moja Daktari alipiga ukelele mbele ya hadubini hadi Mama Sindano akadhani amejichoma.

"Mama, njoo! Njoo umwone huyu!"

Alikuwa kerengende mdogo, kahawia, hana uzuri wowote, doa moja la manjano ubavuni. Lakini vile vibanio vya mkiani ambavyo dume humshikia jike havikufanana na vya kerengende yeyote aliyeandikwa kitabuni. Daktari alikata mguu mmoja, akaupeleka kupimwa vinasaba. Majibu yaliporudi alimkumbatia Mama Sindano mlangoni: huyu hakuwa na ndugu wa karibu hata mmoja kati ya wote wanaojulikana. Aina mpya kabisa. Mdudu ambaye sayansi haikuwa na habari naye, naye anaruka zake umbali wa saa moja tu kutoka hapo walipo.

"Na kaishi pazuri," Daktari alisema, akiisoma lebo. "Chemchemi ya juu, msituni. Wale wenzetu wanaohangaika msitu usikatwe watafurahi hadi walie."

Mama Sindano aliitazama tena lebo ile. Alitabasamu, akasema hongera, akarudi mezani kwake, akaketi.

Alikuwa ameikumbuka siku ile.

Ilikuwa miezi minane nyuma, na hakuhitaji kalenda, kwa kuwa mjukuu wake alikuwa na umri huohuo. Bwana Nyavu, mkamataji wa wadudu wa hapo kazini, alikuwa amerudi na kerengende kumi na wawili: sita kutoka chemchemi ya msituni, sita kutoka bwawa la machimbo ya mawe, nyuma ya mji, ambako watu huosha pikipiki. Kila mmoja alikuwa ndani ya kifuko chake cha karatasi, na ndani ya kifuko kulikuwa na kijikaratasi cha penseli kinachosema alikotoka. Mama Sindano aliwafungua wote, akawapanga kwenye trei, kila mdudu na kijikaratasi chake ubavuni. Harufu ya vidonge ilikuwa kali. Akawasha feni iliyotoka kutengenezwa jana yake, asijue kwamba fundi ameitia kichaa. Wadudu walikaa, maana aliwalaza kwenye pamba. Vijikaratasi vyote kumi na viwili vilipaa.

Na papo hapo simu ikalia. Mkwewe. Binti yake ameingia leba, na hali si nzuri.

Aliviokota vijikaratasi sakafuni akitambaa kwa magoti. Kumi alivirudisha bila shaka, kwa sababu aliwakumbuka wenyewe: yule mwekundu, yule mwenye bawa lililochanika, wale wanne wa buluu waliofanana kama mapacha lakini wote wa bwawani. Wakabaki wawili wa kahawia na vijikaratasi viwili. Akatazama. Akasema moyoni, huyu wa chemchemi, huyu wa bwawani. Akaandika lebo, akawachoma sindano, akatimua mbio hospitali. Mtoto alizaliwa salama, furaha ikafunika kila kitu, na siku zikapita juu ya lile jambo kama maji juu ya jiwe.

Sasa jiwe lilikuwa limeibuka.

Kwanza alijipoza. Huenda alipatia. Wadudu wawili, vijikaratasi viwili: nusu kwa nusu. Kisha akaona kwamba nusu kwa nusu ni kitu kibaya sana kukilalia. Alimfuata Bwana Nyavu aliyekuwa anashona wavu wake nje ya stoo.

"Yule kerengende wa Daktari unamkumbuka, ulimkamatia wapi hasa?"

"Si imeandikwa?"

"Nauliza tu."

"Mama Sindano, mimi nikikamata naangalia wavu, siangalii sura. Kwani kuna nini?"

"Hakuna."

Alijaribu mlango mwingine. Siku moja wakinywa chai, aliuliza kama mtu asiye na haja, "Hivi Daktari, hivyo vinasaba vinaweza kusema mdudu katoka wapi?"

"Vinasema ni nani, mama. Havisemi kakamatiwa wapi. Kwa hilo sote tunaitegemea lebo yako," Daktari akajibu, akampiga bega kwa upendo.

Mama Sindano akaenda kuimwaga chai yake.

Jarida moja kubwa la sayansi lilikuwa limeyapokea kwa haraka makala ya Daktari kuhusu mdudu huyo, na yangetoka baada ya wiki mbili. Wale watu wa msitu walikuwa wamepanga mkutano na wakubwa, kerengende ndiye shahidi wao. Mama Sindano akawa mtu wa roho juu. Akisikia viatu vya Daktari ukumbini, moyo unampiga pa! Alijichoma sindano mara tatu kwa wiki moja, yeye ambaye hakuwahi kujichoma mara tatu kwa mwaka. Nyumbani aliunguza maharage, akatia chumvi kwenye chai. Mumewe, kinyozi mwenye kibanda chake kona ya mtaa, alivumilia maharage, chai ilimshinda.

"Mke wangu, hii chai ni ya kunywa au ya kusukutulia jino?"

Mama Sindano akacheka, halafu kicheko kikageuka, machozi yakamtoka. Akamweleza yote. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho, kikombe mkononi.

"Ngoja nielewe," akasema. "Watu wazima, wenye digrii, wanahangaika kerengende alikuwa dimbwi gani?"

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo! Mdudu bila mahali ni takataka, Daktari husema hivyo. Nami nimeandika mahali nisipopajua."

Kinyozi akaacha mzaha. "Basi kamwambie."

"Atanifukuza."

"Huenda. Mimi mteja nikimkata sikio sina pa kulificha, damu inaonekana. Wewe lako halionekani, ndiyo maana linakutafuna. Mficha uchi hazai, mke wangu. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Aliamua angesema Jumatatu. Jumatatu Daktari alikuwa na wageni. Jumanne alifika hadi mlangoni, akarudi. Jumatano Daktari mwenyewe ndiye aliyemwita, uso unang'aa.

"Nilitaka iwe siri, lakini siwezi. Mdudu lazima apewe jina la kisayansi. Nimempa lako. Sindano. Litakuwa kwenye vitabu hata mimi na wewe tukiwa mavumbi."

Mama Sindano alishika ukingo wa meza.

"Usinipe," akasema.

"Acha unyenyekevu, mama."

"Si unyenyekevu, Daktari. Kaa kitako. Nina neno."

Akalisema lote: feni, simu, magoti sakafuni, wawili wa kahawia. Hakuongeza, hakupunguza. Daktari hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Miezi minane," akasema taratibu. "Na wiki tatu hizi tumekunywa chai pamoja kila siku."

"Ndiyo."

"Uliniuliza habari za vinasaba. Nilidhani umependa sayansi."

Daktari aligeukia dirisha, akamwambia aende nyumbani, asubiri barua.

Alisubiri siku tisa. Hakuna mtu anayejua urefu wa siku ila aliyekaa nyumbani akisikiliza hatua za mleta barua. Alifagia ua uliokwisha kufagiliwa. Alimbeba mjukuu, akimwangalia kana kwamba ndiye mwenye kesi. Alijua bila kuambiwa yanayoendelea kule: Daktari amewaandikia wa jarida wasimamishe makala, amewaambia watu wa msitu wasimtaje kerengende, amesimama mbele ya mkurugenzi akieleza aibu isiyo yake. Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Barua ilikuja: onyo kali la maandishi, arudi kazini. Chini, kwa mkono wa Daktari, paliandikwa: "Vaa viatu vya matope."

Walikwenda watatu, Daktari, Bwana Nyavu na yeye. Siku mbili chemchemini, kwenye maji safi yanayopita chini ya miti mirefu. Waliwaona wekundu, wakamwona wa kahawia mmoja. Wakamkamata roho zikidunda. Alikuwa wa aina ya kawaida. Safari ya pili, mvua. Kerengende hawaruki mvuani, wakarudi mikono mitupu. Mama Sindano alianza kuogopa jambo jipya: kwamba labda hawataonekana popote tena, na mdudu wake abaki yatima wa kabatini, bila kwao, kwa sababu ya kubahatisha kwake.

Safari ya tatu walikwenda machimboni. Bwawa lilikuwa na rangi ya maziwa ya vumbi la mawe. Kulikuwa na vijana wanaosugua pikipiki, povu linaelea. Jua lilikuwa kali, na Daktari alikuwa amekwisha kufunga daftari Bwana Nyavu aliponyanyua mkono kuwanyamazisha. Juu ya waya uliochomoza majini alikuwa ametua kadude ka kahawia. Wavu ukapita mara moja.

Daktari alimshika kwa vidole viwili, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Mama Sindano alihesabu pumzi. Moja, mbili, tano.

"Ni yeye," Daktari akasema. Kisha akaketi palepale juu ya mawe. "Ni yeye, mama. Kwenye hili dimbwi la sabuni."

Basi lebo ilikuwa imekosewa kweli. Makala yalichelewa miezi mitano, yakaandikwa upya. Watu wa msitu walinuna, wakatafuta shahidi mwingine. Jina nalo Daktari alilibadilisha, akampa mdudu jina la mawe, na Mama Sindano aliona ni haki. Hakuuliza wala hakuelezwa. Ilichukua muda kabla hawajacheka tena pamoja, na walipocheka hawakucheka kama zamani, ingawa walicheka.

Lakini hofu haikumtoka, ilihama nyumba tu. Mwenye machimbo ametangaza kulifukia bwawa mwakani ajenge maghala. Daktari anazunguka ofisi na makala mkononi, na wakubwa wanamwuliza kwa nini dimbwi la kuoshea pikipiki lihifadhiwe. Kila Jumamosi asubuhi Mama Sindano anavaa viatu vya matope, anakwenda kukaa juu ya jiwe pale bwawani, anawahesabu kerengende wale. Vijana wa pikipiki wamekwisha kumzoea. Hata wamekubali kumwaga sabuni yao upande wa barabarani. Wiki iliyopita aliona wanne. Wiki ya kabla ya hiyo, saba. Ameandika hesabu zote mbili kwenye daftari, na pembeni ya wanne ameongeza kwamba kulikuwa na upepo, huenda hakuwaona wote.