Mawese Usoni mwa Binti Yangu

Mwaka wa Uhuru, 1962, nilikuwa mke kijana, nikikamua mawese karibu na Gatete. Shuleni nilifika pale mtu anapoweza kusoma barua na kuijibu, basi. Kwa hiyo nitaeleza nilichokiona tu.

Asubuhi baada ya sherehe, lori lililokuwa likiwarudisha watu kutoka Rumonge mjini liliacha barabara, likalala ubavu. Mume wangu na binti yetu, ambaye meno ya utoto yalikuwa yameanza kumtoka, walikuwemo. Mimi na mama mkwe tulikuwa tukija nyuma kwa miguu na masufuria yetu kichwani. Tuliwakuta wamelazwa kwenye majani. Mfupa wa mguu wa mume wangu ulikuwa umetoboa ngozi. Mtoto hakuwa na jeraha lolote, alikuwa na vumbi tu.

Mama mkwe akafanya kama tulivyozoea sisi wote kabla ya kumpeleka mtu kwa waganga. Alimwosha mtoto uso, akampaka mawese mpaka akang'aa. Kwetu mtu hapelekwi kutibiwa na vumbi lake. Watu watasema hana kwao.

Uwanja wa zahanati ulijaa vilio. Muuguzi alikuwa mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, wa familia iliyotoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Tulimwita muganga, kama tulivyomwita kila aliyeshika dawa. Gari lilikuwa moja pia, la mchuuzi wa samaki, na nyuma palikuwa na nafasi ya kumlaza mtu mmoja tu kwenda Usumbura, kwa daktari wa kupasua. Nilijua nafasi ile ni ya mume wangu. Nani mwingine alikuwa na mfupa nje?

Muganga alipita katikati ya watu bila haraka. Aliyepiga kelele alimgusa bega, akampita. Aliyenyamaza alimwinamia. Alibonyeza ukucha mpaka ukawa mweupe, akangoja wekundu urudi. Aliweka kiganja kifuani, akatulia kama anayesikiliza mlangoni.

Mvuvi mmoja aliyepasuka paji la uso alimfokea. "Weye muganga! Unachagua watu sawa unachagua ndagala kwa soko?"

"Ndiyo, baba," alisema bila kugeuka. "Ndagala yenye inarukaruka iko muzima. Wewe ruka tu."

Watu walicheka, hata mvuvi, huku damu ikimwingia jichoni.

Alipofika kwetu alimtazama binti yangu, akaona uso unaong'aa kwa mafuta, akainua mguu apite. Alikwisha kupita. Ndipo mtoto akapiga mwayo.

"Iko na usingizi," mama mkwe alieleza. "Jana alicheza sana kwenye ngoma."

Mtoto akapiga mwayo mwingine. Muganga alirudi, akapiga magoti. Alishika pindo la aproni yake, akamfuta mawese kwenye paji la uso na mdomo wa juu. Chini ya mafuta ngozi ilikuwa ya majivu, na jasho dogodogo likachomoza palepale mbele ya macho yetu. Akabonyeza ukucha. Wekundu ulichelewa. Akagusa tumbo, nikaona uso wa muganga unabadilika.

"Maji," mtoto alisema.

"Hapana, mama yangu. Hata tone." Kisha akainua kichwa, akamwita mwenye gari. "Huyu!"

Mume wangu alijiinua kwa viwiko. "Huyu? Huyu haumwi! Muganga, ona mufupa yangu iko inje!"

"Naiona, baba. Wewe utalia mpaka kesho, na kesho utakuwepo. Huyu ndani yake kunavuja. Sijui kama atafika."

Alisema hivyo mbele yangu. Hakunipunguzia. Uwanja wote ulikuwa unamwita, naye alikuwa ameegemeza sikio kwa mtoto pekee ambaye hakuwa amemwita. Sijawahi tena kumwona mtu akiona namna ile.

Mume wangu alijilaza tena. Halafu akaniambia, "Enda naye. Mimi niko na mudomo, nitalia mwenyewe."

Njia yote, tulipopita Kabezi na baadaye mji ukaanza, nilikuwa nikimbonyeza mtoto kucha na kungoja. Usumbura walimfungua tumbo, wakakuta damu imejaa. Alipona. Mguu wa mume wangu uliungwa palepale zahanati na mikono ya mwanamke yule, ukabaki mfupi kidogo.

Mwaka 1972, wakati wa mauaji, mume wangu alichukuliwa na askari nyumbani, akaenda akichechemea kwa mguu ule. Muganga alichukuliwa kazini. Hakuna aliyerudi, wala sikuonyeshwa kaburi la kuwalilia. Mara nyingi huwaza kama mwishoni alikuwepo mtu wa kumfuta yule mama uso na kumtazama, kama alivyotutazama sisi.

Binti yangu sasa ana watoto. Kovu la tumboni limerefuka naye. Juzi mtoto wake wa mwisho aliamka na homa, nami mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye chupa ya mawese. Binti yangu alinishika kifundo cha mkono, taratibu.

"Mama, acha kwanza," alisema. "Tumuone."

Akambeba mtoto mpaka mlangoni, penye mwanga.