Mishubiri Iliyochanganywa na Mkono wa Wifi

Mvua za kwanza zinapokaribia, watu wa Bariadi husafisha mashamba ya pamba. Mimi huwa uani, nimeinamia rundo la mawe alilonipangia mume wangu, nikishughulika na mishubiri. Nayapekua makopo ya rangi niliyoipandia, nakata mizizi iliyooza, nabadilisha udongo: mchanga wa mtoni, kokoto ndogo, samadi ya zamani kiasi. Mishubiri ni mimea ya miambani. Ukiilisha kama mahindi inanenepa, kisha inaoza.

Nilianza na mmoja wenye maua mekundu. Baadaye nikaleta mwingine kutoka kwenye mawe ya Kimali, nilikokwenda msibani, wenye maua ya njano na majani yenye madoa kama ndama. Nikatamani kuichanganya, nipate mmea ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona.

Mwaka niliokusudia kufanya hivyo, vikonyo vya maua vilikuwa vinachomoza nilipoanguka jikoni. Nilipooza upande wa kulia. Mimi ni fundi cherehani, mkono huo ndio uliokuwa maisha yangu. Niliporudi kutoka hospitali, wifi yangu, dada wa mume wangu, alifunga nyumba yake Ngulyati akaja kuniuguza.

Huyu ndiye aliyekuwa akinicheka miaka yote. "Wifi, haya madudu yanaliwa?" alizoea kuuliza. "Hata mbuzi wanayakwepa."

Alinilisha, aliniogesha, alinifundisha upya kusimama. Asubuhi alinitoa kwenye jua na kuniweka karibu na mawe. Siku maua yalipofunguka nililia, na kwa kuwa ulimi ulikuwa mzito, alidhani naumwa.

"Mayu, mama yangu, unaumwa wapi?"

"Maua," nikasema. "Yatapita hivihivi."

Akaenda bandani, akarudi na unyoya wa kuku. "Haya, nielekeze. Lakini nisije nikaambiwa nimeua watoto wa watu."

Nikamwelekeza kwa maneno ya kukatikakatika. Chukua vumbi la njano kwenye ua la njano. Lipake kwenye ncha ya katikati ya ua jekundu, ile inayong'aa unyevu. Alifanya polepole, ulimi umetoka nje kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Alipomaliza, alikifunika kikonyo kwa kipande cha chandarua kikuukuu ili ndege chozi na nyuki wasije wakatuvurugia. Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya kuniletea uji, alikwenda kuchungulia chandarua.

Vifuko vya mbegu vikavimba, vikakauka, vikapasuka. Mvua zilipoanza, tulipanda mbegu pamoja kwenye beseni lililotobolewa, yeye akimwaga mchanga, mimi nikisawazisha kwa mkono wa kushoto. Miche ilitoka myembamba kama nyasi. Yeye akarudi kwake, mimi nikabaki nayo. Mingine ilikufa. Nguvu za mkono zilirudi kiasi cha kushika mkasi, ila si kama zamani, na nashukuru kwa hicho nilichorudishiwa.

Kiangazi kilichopita, baada ya miaka ya kungoja, mmoja wa miche hiyo ulitoa kikonyo, na asubuhi maua yalipofunguka sikungoja. Nilimpigia wifi simu. Alikuja siku ileile kwa bodaboda, akapita mlangoni bila hata kuvua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye mawe.

Maua hayakuwa mekundu wala ya njano. Yalikuwa na rangi ya embe lililoiva, yenye ncha za kijani, na majani yalibeba madoa ya baba yake wa Kimali.

"Hili nimelifanya mimi?" akauliza.

"Ni wewe."

Akachuchumaa. Akagusa ua moja kwa kidole cha mwisho. Nikamwambia neno ambalo sikuwahi kulisema vizuri wakati ulimi wangu ulikuwa mzito: "Wabeja, wifi. Wabeja sana." Kwetu ndiyo asante, lakini siku hiyo lilinitoka na machozi.

"Nyamaza wewe," akasema, naye akijifuta kwa ncha ya kanga.

Jioni alipotaka kuondoka, nilimng'olea chipukizi lililoanza kuota pembeni ya shina. Alilifunga kwenye kanga, akapanda bodaboda na kulipakata.

"Taratibu kwenye mashimo," akamwambia dereva. "Nimebeba mtoto."