Makomando Ndani ya Singo Yangu

Siri za Vita vya Pili vya Dunia zilitunzwa vizuri sana Mombasa. Muuza halwa wa Ndia Kuu alijua kisiwa gani cha Wafaransa, huko pande za Ngazija, makomando wa Kiingereza wa bandarini Kilindini wangekivamia, na wateja wake walibishania siku tu.

Mimi nilikuwa nimewekwa ndani nikingoja kuolewa, na sharti letu ni kwamba mwanamume asimwone biarusi kabla ya harusi. Asubuhi moja somo wangu, yaani mama aliyekabidhiwa kunifunda, alikuwa uani akinisugua mwili kwa singo, lile rojo la manukato la kuwang'arishia mabiarusi. Nilikuwa na kanga moja tu, uso umekandikwa liwa ya msandali. Mara kamba ikarushwa, wakashuka ukutani wanaume waliojipaka masizi. Walikuwa wakijifunza kuvamia kisiwa cha adui, na mkubwa wao aliona ua wetu wafaa. Hodi hawakupiga. Wa kwanza alitua ndani ya beseni la singo. Tukatazamana, yeye mweusi wa kujipaka, mimi wa manjano wa kupakwa, hata somo alipomchapa kwa kata ya maji. Walipanda ule ukuta upesi kuliko walivyoushuka.

Kabla ya adhuhuri mama wa bwana harusi alikuwa ukumbini, buibui hakuvua.

“Mwanangu haowi mke alotazamwa ni jeshi zima,” akasema.

Nililia mpaka liwa ikatiririka. Nilimpenda huyo mwanawe; nilikuwa nikimchungulia dirishani tangu zamani, na hilo hakuna aliyeliuliza.

Ndipo akaja ofisa na mkalimani wake. Tulidhani ameleta radhi. Wapi! Alitangaza kwa ukali kwamba hakuna askari aliyeingia nyumba hii, mazoezi hayakuwapo, na atakayesema yalikuwapo atafungwa. Buti lake lilikuwa bado limeganda singo.

Somo akamgeukia mama wa bwana harusi taratibu. “Umesikia. Serikali yasema hakungia mtu. Wewe wajua zaidi ya Serikali?”

Mama mkwe alilitazama lile buti, kisha akaomba kahawa. Niliolewa Ijumaa ile ile.

Baadaye kisiwa kilitekwa. Mume wangu alinisomea gazetini jinsi makomando wetu walivyoingia nyumba za watu alfajiri, wenyewe wakiwa wamelala. Alicheka sana. Mimi nilishindwa kucheka. Kule nako kuna nyua, na mabiarusi, na mama wakwe wakali. Lakini kule Serikali haikukana kuingia. Ilijisifu.