Pikipiki Inayoamka Saa Nne

Niliondoka Barumbu kwa sababu ya samaki. Mwenye pikipiki niliyekuwa nikimkodi kupeleka samaki soko la ndani, mbali na mto, alichelewa siku nzima, na vikapu vitatu vya samaki wabichi vikaniozea mlangoni. Nikasema basi, nitanunua yangu. Akiba ya miaka minne, dola mia nane, nikaishona ndani ya kitenge.

Kupanda mto kulituchukua siku tatu kwa balenyeri, ile mashua ndefu ya mbao yenye injini, tukilala juu ya magunia ya mahindi. Jumatano tukafika Kisangani. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, hadi Kabondo kwa mjomba wangu, tonton Augustin. Mkewe alinipakulia lituma, ndizi za kupondwa, moto moto. Tonton akatangaza kwamba kesho ataongea yeye, kwa kuwa wauzaji hawasikilizi wanawake.

Alhamisi asubuhi tulikuwa Makiso, dukani kwa papa Saidi, anayeuza pikipiki zilizotumika. Nyekundu moja alitaka dola mia tisa. Kabla sijafungua mdomo, tonton alishaikalia, akisema hajaona nzuri kama ile. Bei ikaganda hapo hapo. Papa Saidi akaiwasha, ikaitika kwa teke moja. Lakini nilikuwa nimeshapitisha kiganja kwenye injini, nikaikuta ina joto, na duka lilikuwa ndiyo kwanza limefunguliwa. Nimekua na injini za mitumbwi. Najua iliyopashwa joto kabla mteja hajafika.

Nikasema nitarudi kesho, asiiwashe mpaka nifike. Tonton alininunia njia nzima, akiamini mwingine ataichukua. Hata mimi niliogopa hivyo.

Ijumaa nilimtangulia papa Saidi mlangoni.

"Mama, haukulala?" akauliza.

Nikagusa injini: baridi. Akapiga teke la kwanza, la tano, la kumi na moja. Ikakohoa, ikawaka, ikazima.

"Papa, mimi nilikuya kutafuta pikipiki ya kila asubui," nikamwambia. "Hii yako inaamuka saa ine."

Alicheka mpaka akakaa chini.

"Bon, mama, unayua motere. Sema bei yako."

Nikasema mia saba, na kabureta mpya juu yake. Tukavutana hadi jua likapanda, tukakubaliana mia saba na hamsini pamoja na karatasi zote. Fundi wake akafunga kabureta mbele yangu. Jumamosi nikaijaribu tena ikiwa baridi, ikawaka kwa teke moja.

Kushuka mto ni haraka. Jumatatu jioni vijana wa bandari ya Barumbu waliiteremsha kwa shangwe. Kesho yake samaki wangu walifika soko la ndani wakiwa bado wanang'aa.

Anayekwenda Kisangani kununua chombo, aweke siku moja ya ziada. Mimi siku hiyo ilinipunguzia dola mia na hamsini. Tonton naye, nasikia, anawaambia majirani wa Kabondo kwamba bei aliishusha yeye. Nimemwachia.