Migunga Aliyoweza Kuiona Mama

Mama alipohamia kwangu Mkolani alikuja na cherehani yake, ingawa alikuwa hashoni tena. Miaka yote niliyomfahamu alishona kule Igoma, sare za shule na magauni ya harusi, mpaka mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Aliniambia anaona kama mtu aliyefunikwa chandarua. Cherehani tukaiweka dirishani, naye akawa anakaa pembeni yake mchana kutwa, anasikiliza redio.

Mimi nafanya kazi kwenye duka la stesheneri. Natoa fotokopi, nachapa barua za watu, napiga picha za pasipoti. Mwenye duka aliniruhusu kuchukua kamera siku za Jumapili, na baada ya ibada nilizoea kwenda Ilemela, sehemu moja ya ufukwe wa ziwa yenye migunga mitatu iliyoota kati ya mawe, kupiga picha jua linapozama. Hakuna aliyenituma. Wiki nzima nawaambia watu inua kidevu, usicheke, tazama hapa. Jumapili nilitaka kitu kisichohitaji kuambiwa chochote.

Nilikuwa nikizichapa picha zile na kumpa mama. Anaishika picha karibu na pua, anasema, "Nzuri." Siku moja aliishika juu chini, miti inaning'inia, ziwa liko angani. "Nzuri," akasema. "Ziwa limetulia." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumapili iliyofuata nilikosea. Nilipima mwanga kwenye jua lenyewe badala ya kwenye miti, na picha zote zikatoka na migunga myeusi tii, kama imepakwa masizi, nyuma yake anga ya rangi ya machungwa. Nyumbani nilikuwa nimeshaanza kuzifuta kwenye kompyuta mama alipopita akipapasa ukuta. Akasimama.

"Huo ni mti," akasema.

"Unauona?"

"Naona mti. Na mwingine. Huu wa tatu umeshikana na kitu, sijui nini."

Ulikuwa umeshikana na jabali. Mti mweusi, jabali jeusi, vikawa kitu kimoja.

"Vitenganishe," akasema, kwa sauti yake ya kazini ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu. "Hapo umeshonea mkono ubavuni. Acha kwapa lionekane."

Basi nikaanza kujifunza upya. Nilichuchumaa mpaka magoti yakalowa, ili mashina yasimame kwenye anga tupu na siyo kwenye kilima cha ng'ambo. Nilisogea hatua mbili kushoto ili mwanga upite kati ya mti na jabali. Nyumbani, kwenye kompyuta, nilishusha mwanga wa vivuli mpaka mwisho na kupandisha rangi kupita kiasi. Mteja mmoja aliiona picha mojawapo dukani, akaniambia anga ya namna hiyo haipo duniani. Nilikubaliana naye. Sikuwa naitengeneza kwa ajili ya wenye macho mazima.

Tulikaa jioni nyingi bega kwa bega, mama akiniambia kata hapa, punguza pale. Nilipokata tawi lililokuwa limechungulia pembeni aliguna kwa kuridhika. Tangu nikiwa mdogo sikumbuki kama tuliwahi kuongea kiasi kile. Picha tuliyokubaliana wote wawili niliichapa kubwa nikaitundika mbele ya kiti chake.

Kisha zamu yake ya upasuaji wa macho, tuliyoisubiri kwa miezi, ikafika hospitali, jicho la kulia kwanza. Walipomtoa bandeji alinitazama muda mrefu. "Umekonda," akasema, akacheka, kisha machozi yakamtoka na muuguzi akamkataza asilifikiche jicho.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye ile picha.

"Hii ndiyo ile?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona miti haina majani?"

"Majani yapo. Nimeyazima."

"Yawashe."

Nilifungua picha ya awali, ile ambayo sikuwa nimeigusa, nikaanza kupandisha mwanga kwenye vivuli pole pole. Migunga ikatoka gizani. Yakaonekana majani madogo madogo, magome yaliyopasuka, kiota cha ndege. Kisha chini ya miti zikaonekana nguo zilizoanikwa juu ya mawe, ndoo, na mwanamke aliyeinama akikamua shuka.

"Na huyu?" mama akauliza.

"Anafua pale kila Jumapili."

"Alikuwepo siku zote hizi?"

"Alikuwepo."

"Miezi yote hii nakaa na picha, kumbe nina mgeni."

Hakusema kwa kunilaumu, lakini niliona aibu. Nilijiambia kwamba weusi ule wote ulikuwa kwa ajili ya macho ya mama, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli. Ila nakumbuka pia jinsi nilivyofurahi yule mwanamke alipozama kwenye giza, kwa sababu alikuwa anaharibu mstari safi niliotaka chini ya picha. Na kila Jumapili tulikuwa tunasalimiana.

Wiki ile nilichapa picha yenye majani, na Jumapili nikaenda na mama kule ufukweni, amevaa miwani myeusi aliyopewa hospitali. Yule mwanamke alifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumekuletea picha yako."

Aliitazama, akaanza kucheka. "Jamani, mmenipiga mgongo! Siku nyingine niambieni nivae gauni."

"Njoo nalo nilitazame," mama akasema. "Nilikuwa fundi."

Wakaanza kuongea mambo ya vitambaa. Jua likawa linashuka, nikapiga magoti mahali pangu pa kawaida na kusubiri ligusane na matawi. Nilipogeuka kumwita mama aje aone, nilimkuta amelipa ziwa kisogo. Anatazama vilima vya Ilemela, ule mwanga wote umemwagika juu ya mawe, mabati na madirisha ya nyumba.

"Mwanangu, huku umewahi kupiga?"

Sikuwahi. Niligeuza kamera. Wao wawili walikuwa mbele yangu, nyuso zao zina mwanga, mmoja ana miwani, mwingine ameshika ndoo. Picha ilitoka imelala kidogo upande mmoja. Sijainyoosha.